Kusema na Kunyamaza Katika Mkutano Mkuu wa Kijiji

Mkutano mkuu wa kijiji ndicho chombo cha juu katika mambo ya kijiji Tanzania Bara. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inamhesabu kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 kuwa mjumbe wake: mwanamke na mwanamume, mwenye mashamba na asiye na shamba, mwenye kadi ya chama na asiye nayo. Mkutano huo ndio unaochagua halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25, na unatakiwa kuitishwa walau mara moja kila miezi mitatu. Vijiji vya Bara ni zaidi ya 12,000. Katika kila kimoja mtu asiye na cheo chochote anaweza kusimama chini ya mwembe au ndani ya darasa, akasema, na neno lake likawa sehemu ya uamuzi wa serikali. Zanzibar shehia zina utaratibu wake, na mwongozo huu hauzihusu.

Haki ya kusema haina maana kwamba kila jambo lisemwe mkutanoni. Yapo mambo ambayo mwanakijiji akiyanyamazia kijiji kinapoteza ardhi au fedha, na yapo ambayo akiyatamka mbele ya watu mia mbili mtoto anaumia, ushahidi unapotea, au bibi kizee anachomewa nyumba. Kinachotenganisha mafungu haya mawili ni kile ambacho maneno yatafanya baada ya kutamkwa. Ujasiri wa msemaji ni jambo la baadaye.

Kwa nini kimya huandikwa kama kauli

Mwenyekiti akishaeleza hoja huuliza, "Wananchi, mmeafiki?" Sauti chache za mbele hujibu, "Ndiyo!" Waliobaki hutazama chini, na mtendaji wa kijiji huandika: "Mkutano uliafiki kwa kauli moja." Sentensi hiyo ndiyo inayosafiri. Husomwa na halmashauri ya wilaya, na siku ya mgogoro husomwa na baraza la ardhi au mahakama. Manung'uniko ya njiani wakati wa kurudi nyumbani hayamo.

Muhtasari huambatana na karatasi ya mahudhurio, nayo inahitaji jicho. Mara nyingi ni ukurasa uliochanwa kwenye daftari, umepigwa mistari kwa rula: namba, jina, kitongoji, saini. Hupitishwa mkono kwa mkono wakati watu wanasikiliza, na juu yake wakati mwingine hapajaandikwa kitu. Karatasi isiyo na kichwa inaweza kubandikwa nyuma ya muhtasari wowote, na saini ya aliyehudhuria ikasomwa kuwa saini ya aliyekubali. Kabla ya kutia saini mwanakijiji aangalie mambo matatu juu ya karatasi: jina la kijiji, tarehe, na neno "mahudhurio". Pakiwa patupu, aombe paandikwe kwanza. Ombi hilo ni dogo, halimtuhumu mtu, na hakuna mwenyekiti mwenye nia njema anayeweza kulikataa.

Gharama ya kimya ilionekana wilayani Kisarawe, mkoa wa Pwani. Katika miaka ya 2000 vijiji 11 viliachia zaidi ya hekta 8,000 kwa ajili ya shamba la mibono ya kutengenezea nishati. Wanavijiji waliahidiwa kwa mdomo ajira na huduma kama visima, barabara na zahanati. Mradi ulisimama mwaka 2011. Ardhi ilikuwa imekwisha kutoka mikononi mwa vijiji, na ahadi ambazo hakuna aliyedai ziandikwe hazikuwa na pa kudaiwa.

Mambo yasiyovumilia kimya

Ardhi ni ya kwanza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inaifanya halmashauri ya kijiji kuwa mdhamini tu wa ardhi. Haiwezi kumgawia mtu ardhi wala kutoa hakimiliki ya kimila bila idhini ya mkutano mkuu iliyotangulia. Serikali ikitaka kuhamisha ardhi ya kijiji, eneo lisilozidi hekta 250 hukubaliwa au kukataliwa na mkutano mkuu wenyewe. Likizidi hapo, uamuzi hupanda kwa waziri, na sauti ya kijiji inabaki kuwa maoni. Kwa hiyo ukubwa wa eneo ndilo swali la kuuliza mapema kuliko yote, na liulizwe kwa hekta, kwa maana "eneo la kule bondeni" halina kipimo. Baada ya hapo iulizwe anayetaka ardhi ni nani, anaitaka kwa muda gani, mipaka inapita wapi, na ahadi zake zimeandikwa kwenye karatasi ipi. Aliye na wasiwasi lakini hana hoja kamili bado ana la kusema: aombe uamuzi uahirishwe hadi watu waoneshwe mipaka kwa miguu. Ardhi haiozi kwa kusubiri mkutano mmoja.

Michango na sheria ndogo hufuata. Kiwango cha mchango wa ujenzi wa darasa au zahanati kikishapitishwa kinamfunga hata aliyekuwa amekaa kimya nyuma, na mgambo atabisha hodi mlangoni kwake. Mwenye hoja kwamba wazee na wajane wapunguziwe, au kwamba mchango ukusanywe baada ya mavuno, aitoe siku hiyo. Sheria ndogo nayo hupelekwa kwa wananchi watoe maoni kabla haijakwenda wilayani kuidhinishwa, na huo ndio wakati ambao neno moja linaweza kubadilisha faini.

Kisha taarifa ya mapato na matumizi. Hapa watu wengi hunyamaza kwa sababu namba husomwa haraka, lakini hesabu yenyewe ni ya darasa la nne. Tuchukulie mtendaji anasoma hivi: baki ya robo iliyopita, shilingi 412,000, michango ya darasa, 1,860,000, ushuru wa gulio, 540,000, jumla 2,812,000. Matumizi: mifuko 40 ya saruji, 720,000; fundi, 600,000; posho, 480,000; usafiri, 260,000; mengineyo, 390,000; jumla 2,450,000. Baki 362,000.

Msikilizaji mwenye kalamu anapata maswali manne hapo hapo. Je, baki ya 412,000 ndiyo iliyosomwa robo iliyopita? Ikiwa kaya ni 240 na kila moja ilitakiwa kutoa 10,000, michango ingefika 2,400,000. Iliyosomwa ni sawa na kaya 186, basi orodha ya kaya 54 ambazo hazijatoa iko wapi? Posho ya 480,000 ililipwa kwa nani na kwa kazi gani? Na "mengineyo" ya 390,000, ambayo ni zaidi ya nusu ya fedha ya saruji, ni kitu gani? Hakuna hata swali moja linalosema kwamba mtu ameiba. Yote yanaweza kuwa na majibu mazuri, na mtendaji mwadilifu hufurahi kuyatoa kwa sababu yanamsafisha mbele ya watu. Mapato na matumizi yakisomwa bila kuulizwa mwaka baada ya mwaka, hata mtendaji mwema huzoea kutotunza stakabadhi.

Orodha ya kaya maskini inahitaji neno la peke yake. Katika mpango wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) wa kunusuru kaya maskini, majina ya kaya zilizopendekezwa husomwa mbele ya mkutano ili jamii iyathibitishe. Watu huona aibu kusema, kwa sababu jirani yuko pale pale. Njia ya busara ni kusema kwa ajili ya aliyeachwa. "Mama mjane wa kitongoji cha chini, anayelea wajukuu watatu, jina lake sikulisikia" ni kauli inayoongeza bila kumvua nguo mtu mwingine. Kumpinga aliyetajwa kunahitaji jambo linaloonekana na kila mtu, kama duka au trekta. Kukisia ya ndani ya nyumba ya mtu si kazi ya mkutano.

Liko pia kosa katika muhtasari wa mkutano uliopita. Ukisomwa na mtu akasikia uamuzi ambao haukufanyika, huo ndio wakati wa kusimama. Ukishathibitishwa na kutiwa saini, kuubomoa ni kazi ya miezi.

Mambo ya kunyamazia mkutanoni na mahali pa kuyapeleka

Kunyamaza mkutanoni hakumaanishi kulizika jambo. Mambo yaliyomo katika fungu hili yanapaswa kusemwa, tena upesi, lakini mbele ya masikio mengine.

*Ukatili dhidi ya mtoto.* Kumtaja mtoto aliyebakwa au kupigwa mbele ya kijiji kunamfanya aumie mara ya pili, na kunampa mtuhumiwa usiku mzima wa kutoroka au kuinunua familia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Mlango wa kwanza ni ofisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, na simu ya bure kwa ajili ya watoto ni 116. Wazee wakisema "tuyamalize wenyewe kwa mbuzi na faini", hilo ni shauri la kukataliwa.

*Tuhuma za uchawi.* Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, imekuwapo tangu enzi ya ukoloni, na inafanya kumtaja mtu kuwa mchawi kuwa kosa la jinai. Mikoa ya Shinyanga, Mwanza na Geita imezika bibi wengi waliouawa kwa sababu ya maneno ya aina hiyo, wengine kwa kuwa tu macho yao yalikuwa mekundu, na macho hayo huenda yaliumizwa na moshi wa kuni na samadi walivyopikia maisha yao yote. Tuhuma hiyo ikitajwa mkutanoni, kukaa kimya hakutoshi. Asiyekubaliana nayo aseme neno moja tu: "Ndugu Mwenyekiti, hilo si jambo la mkutano huu, naomba lisiendelee wala lisiandikwe." Kila dakika inayopita bila mtu kulizuia humwonesha mwenye nia mbaya kwamba kijiji kiko upande wake.

*Majina ya washukiwa wa wizi na uhalifu mwingine.* Baadhi ya vijiji huendesha kura za siri za kuwataja wahalifu, na mwaka 2009, wakati wa mauaji ya watu wenye ualbino, serikali yenyewe iliziendesha Kanda ya Ziwa. Karatasi ya namna hiyo inaweza kumpeleka mtu rumande. Asiandike jina mtu ambaye hakushuhudia kwa macho yake. Kurudisha karatasi tupu ni haki, na kwa asiyejua kitu ndilo jibu la ukweli.

*Rushwa na wizi wenye ushahidi.* Mtu aliyeona stakabadhi ya kughushi akiinyanyua mkutanoni atapigiwa makofi, na kesho yake daftari litakuwa limepotea. Ushahidi wa aina hiyo huanzia TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kwenye ofisi yake ya wilaya au kwa simu ya bure 113. Sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa za uhalifu na mashahidi inamkinga anayetoa taarifa kwa nia njema katika mamlaka inayohusika. Anayetoboa siri mahali popote tu asitegemee kinga hiyo.

*Migogoro ya watu wawili.* Mpaka wa shamba baina ya majirani huenda Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao kati yao wanawake si chini ya watatu. Kazi yake ni kupatanisha. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya mwaka 2021, hupatanisha tu katika mambo ya ardhi, na hukumu hutolewa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ndoa, mirathi na madeni ya mtu na mtu hayana nafasi mkutanoni kabisa.

Mgogoro wa wakulima na wafugaji hauingii vizuri katika fungu lolote kati ya haya mawili. Ni jambo la kijiji kizima, hivyo halikwepeki. Lakini katika maeneo kama Kilosa na Kiteto, ambako damu imewahi kumwagika, neno la mkutanoni linaweza kuishia kwenye panga. Anayesema ajifunge kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi: malisho yameishia wapi, njia ya mifugo kwenda kwenye maji ipite wapi, fidia ya mahindi yaliyoliwa ilipwe namna gani. Akiona sentensi yake inaanza na jina la kabila, aimeze.

Maswali ya kujipima kabla ya kunyoosha mkono

□ Jambo hili litaamuliwa leo? Ikiwa ndiyo, kunyamaza ni kupiga kura.
□ Uamuzi ukishapita unaweza kurudishwa nyuma? Ardhi iliyohamishwa hairudi kirahisi; ratiba ya kufyeka barabara hurudi.
□ Ninayotaka kusema nimeyaona, nimeyasoma, au nimeyasikia? Yaliyosikiwa huulizwa, hayatangazwi.
□ Kuna mtoto, mgonjwa au mtu asiyekuwapo ambaye maneno haya yatamgusa bila yeye kujitetea?
□ Kuna chombo kingine chenye mamlaka zaidi juu ya jambo hili?
□ Mwingine amekwisha kulisema vizuri? Basi kumuunga mkono kwa sentensi moja kunatosha.

Maswali mawili ya kwanza ndiyo mazito. Jibu la yote mawili likielekea upande wa hatari, msemaji asisubiri awe na maneno mazuri.

Hatua za kusema na kusikika

1. *Kuandaa siku moja kabla.* Ajenda hubandikwa ofisini au hutangazwa na mwenyekiti wa kitongoji. Mwanakijiji aijue na aandike hoja yake kwa sentensi mbili. Akishindwa kuitia katika sentensi mbili, bado hajajua anachotaka.

2. *Kutafuta wa kumuunga mkono.* Hoja ya mtu mmoja hupita kama upepo. Wakisimama watatu kutoka vitongoji tofauti, mtendaji huiandika. Makubaliano haya si njama. Wajumbe wa halmashauri nao hukutana kabla.

3. *Kuchagua kipengele.* Ajenda ya kawaida huenda hivi: kufungua, kusoma muhtasari uliopita, yatokanayo, taarifa, hoja mpya, mengineyo, kufunga. Watu wengi huhifadhi jambo lao zito hadi "mengineyo", wakati jua limeshazama, kina mama wamekwenda kupika na mwenyekiti anatazama saa. Jambo la zamani lililoahidiwa lisemwe kwenye yatokanayo, na la fedha mara tu taarifa inapomalizika kusomwa.

4. *Kuomba nafasi na kujitambulisha.* "Ndugu Mwenyekiti, naomba nafasi. Jina langu ni fulani, kitongoji fulani." Heshima hii inamlazimu mwandishi kuandika jina la msemaji.

5. *Kuuliza swali badala ya kutoa tuhuma.* Anayesema "Mtendaji amekula hela za choo" amempa mwenyekiti sababu ya kumkalisha chini, na mjadala utageuka kuwa wa adabu yake. Anayesema "Taarifa inataja choo cha shule, naomba tuoneshwe stakabadhi, na tuambiwe ni kikao kipi kilichopitisha" ameacha jambo moja tu mezani, nalo linahitaji jibu.

6. *Kutaja kinachotakiwa kifanyike.* Lalamiko bila pendekezo haliingii kwenye muhtasari. "Napendekeza stakabadhi ziletwe mkutano ujao" ni hoja inayoweza kuungwa mkono na kupigiwa kura.

7. *Kuomba iandikwe.* "Naomba hoja yangu iingie kwenye muhtasari." Wakikataa hoja, aombe idadi ya waliopinga iandikwe. Maneno "kwa kauli moja" huanguka hata kwa mkono mmoja uliohesabiwa.

8. *Kuketi.* Baada ya jibu, swali moja la nyongeza linatosha. Anayesimama mara tano huchosha hata waliokuwa upande wake.

Makosa yanayojirudia

- Kusema ukiwa umelewa. Mnada na mkutano vikiangukia siku moja, hoja nzuri nyingi huzikwa hapa.
- Kuanza na historia ndefu ya ugomvi wa zamani. Mwenyekiti atamkatisha msemaji kabla hajafika kwenye jambo.
- Kutaja chama. Swali la saruji likishavaa rangi ya chama, nusu ya mkutano huacha kusikiliza.
- Kurekodi kipande cha maneno ya mtu na kukisambaza kwenye simu kikiwa kimekatwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu usambazaji wa taarifa za uongo, na kijiji hakisahau.
- Kususa. Anayeondoka kwa hasira kabla ya kura amewaachia uamuzi wale wale anaowalaumu. Asiyekuwapo na lake halipo.
- Kumwachia mtu mmoja asemee kijiji miaka yote. Msemaji huyo huchoka, hununuliwa, au huhamishiwa lawama peke yake.

Anayezuiwa kusema

Katika vijiji vingi wanaume hukaa kwenye mabenchi mbele na wanawake kwenye kanga na mikeka pembeni, na mwenyekiti huangalia mbele. Mwanamke akinyoosha mkono husikia "mume wako ameshasema." Jibu lina msingi wa sheria: mjumbe wa mkutano ni mkazi, kaya haina kura, na sheria ya ardhi ya vijiji inampa mwanamke haki sawa na mwanamume katika kuomba na kupata ardhi. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 nayo inataka wanawake wasipungue robo ya halmashauri ya kijiji. Wanawake hao ni njia, kwa kuwa hoja iliyopelekwa kwao kabla ya mkutano tayari ina mtu wa mbele anayeijua.

Mbinu zilizo wazi ni chache lakini zinafaa. Wanawake watatu au wanne wakae pamoja karibu na meza ya mwandishi. Mmoja aanze, na wa pili asimame mara tu wa kwanza anapoketi, aseme "naunga mkono hoja" kabla kelele hazijapanda. Akikatizwa, asibishane na aliyemkatiza, amgeukie mwenyekiti: "Ndugu Mwenyekiti, naomba unilinde nimalize." Kauli hiyo inamkumbusha mwenyekiti kazi yake mbele ya watu wote. Vijana huambiwa "wewe mtoto wa juzi", na wahamiaji huambiwa "umekuja na basi la jana". Njia ni hiyo hiyo, na umri wa miaka 18 pamoja na ukazi ndiyo sifa pekee zinazotakiwa.

Woga wa kulipiziwa kisasi una sababu. Mtu anaweza kuchelewa kupata barua ya utambulisho kwa mtendaji, au jina lake likaachwa kwenye orodha ya pembejeo. Aliye katika hali hiyo, hasa anayetegemea ofisi ya kijiji kwa jambo la wiki hiyo hiyo, ana haki ya kumpa mwingine hoja yake aiseme. Anaweza pia kuandika barua yenye majina kadhaa kwenda kwa mtendaji wa kata na nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya. Barua ipelekwe ikiwa na nakala, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri wa kupokelewa ni kama haikuandikwa.

Baada ya mkutano

Usiku huo huo, kabla kumbukumbu haijapoa, aliyesema aandike tarehe, hoja yake, waliomuunga mkono na jibu alilopewa. Namba za mapato na matumizi aziandike pia, hasa baki, kwa sababu ndiyo itakayofungua hesabu ya robo inayofuata.

Akitaka nakala ya muhtasari au ya taarifa ya fedha, aiombe kwa maandishi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016, inampa raia haki hiyo na inaitaka ofisi ijibu ndani ya siku 30. Ombi liwe fupi: jina la waraka, tarehe ya mkutano, jina na saini ya mwombaji, na tarehe ya kupokelewa. Siku zikipita bila jibu, ombi lile lile lipande kwa mtendaji wa kata, kisha wilayani, likiambatana na nakala ya kwanza yenye muhuri.

Mkutano unaofuata ufikiwe mapema, kwa kuwa kusomwa kwa muhtasari huwa mwanzoni na wachelewaji hukuta umeshathibitishwa. Mwandishi anaposoma, aliyesema afuatishe na daftari lake. Hoja ikiwa imeachwa au imepindishwa, anyooshe mkono kabla ya mwenyekiti kuuliza kama kuna anayethibitisha: "Ndugu Mwenyekiti, ukurasa wa pili, kipengele cha nne. Nilipendekeza stakabadhi ziletwe leo, na wawili waliniunga mkono. Naomba pasahihishwe." Marekebisho huandikwa kwa kalamu pembeni ya sentensi yenyewe, mwenyekiti na mtendaji hutia saini palipobadilishwa, na mkutano huingia kwenye yatokanayo, ambako stakabadhi zile zinapaswa kuwekwa mezani.